Damu ya Asiyehusika

Ndugu msikilizaji, uwe hapa mjini Mpanda, Makanyagio au Nsemulwa, uwe Inyonga kwenye mizinga ya nyuki au Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mazungumzo ya leo ni mazito, na naomba vijana wa kijiweni wasibadili stesheni, maana wao ndio wanaoitwa kwanza pale kelele zinapopigwa.

Nataka tumzungumzie mtu asiye na hatia anayeuawa na watu wanaoamini kwamba wanatenda haki. Jambazi simzungumzii. Jambazi anajua anadhulumu, ndiyo maana anakuja usiku. Nawazungumzia watu wa mchana kweupe: jirani, fundi baiskeli, mwanakwaya, baba mwenye watoto wake, ambao kwa nusu saa wanashiriki kumuua binadamu, kisha wanarudi nyumbani, wananawa mikono na kula ugali.

Nianze na mtu wa kwetu. Mwanzoni mwa 2009 nchi ilikuwa inalia. Watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu waganga wapiga ramli waliwaambia wateja wao kwamba kiungo cha mtu huyo huvuta dhahabu mgodini na samaki kwenye nyavu. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mzee Mizengo Pinda, mtoto wa mkulima kutoka huku kwetu Kibaoni. Akiwa ziarani, kwa uchungu, akasema kwamba anayekutwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe hapo hapo. Kauli ile ilizua mjadala nchi nzima. Alipotakiwa kuieleza bungeni Dodoma, mwishoni mwa Januari, alishindwa kujizuia. Alilia mbele ya wabunge, na nchi ikamwona.

Machozi yale nayaheshimu. Naamini yalikuwa ya kweli, na aliyeyadharau hakuwa amefikiria hali ya mama anayelala amemkumbatia mwanawe huku anausikilizia mlango. Na balaa lile halikuwa la mbali na sisi. Mwaka 2015, wilayani Mlele, mwanamke mwenye ualbino alivamiwa akakatwa mkono. Kwa hiyo huruma ya Mzee Pinda ilikuwa mahali pake kabisa.

Lakini tuifuate kauli ile hadi mwisho wake. Auawe anayekutwa. Akutwe na nani? Nani atathibitisha kwamba aliyekutwa ndiye? Amri ya kuua papo hapo haiendi kwa jaji. Inakwenda kwa watu wenye marungu, usiku, wakiwa na hofu. Aliyetoka kuwaonea huruma wasio na hatia alikuwa, bila kukusudia, anafungua mlango wa kuuawa kwa wengine wasio na hatia. Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema leo: hasira yenye sababu nzuri huua wasiohusika sawasawa na hasira isiyo na sababu, na pengine huwaua wengi zaidi, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuizuia.

Tazama inavyokwenda. Chukua soko lolote siku ya Jumamosi. Mama anauza dagaa, simu yake ameiweka pembeni ya beseni. Anageuka kutoa chenji, simu haipo. Anapiga yowe: mwizi! Wakati huo huo kuna kijana anakimbia kuwahi basi. Basi limekwisha kupiga honi, naye ana haki yote ya kukimbia. Watu mia mbili wanamzunguka. Kati yao, aliyemwona akichukua simu ni nani? Mara nyingi hakuna hata mmoja. Wa kwanza alisikia yowe. Wa pili alimwona wa kwanza anakimbia. Wa tatu aliona jiwe mkononi mwa wa pili. Anapofika wa hamsini, ushahidi wake ni kwamba watu arobaini na tisa wanampiga, na haiwezekani watu arobaini na tisa wakosee. Kijana akijitetea, mwongo. Akinyamaza, amekiri. Akijaribu kutoroka, ndiyo kabisa. Mtu mzima mwenye akili zake atamwagia petroli mtoto wa mwenzake kwa ushahidi ambao asingeukubali hata katika kesi ya kuku.

Mtaniambia huo ni mfano wa kutunga. Basi nawapa usiotungwa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, waliingia watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Kukavuma kwamba ni mumiani, wamekuja kunyonya watu damu. Watu wakajaa, wakawaua watatu, wakawachoma moto na gari lao. Waliouawa walikuja kuupima udongo ambao waliowaua wanaulima. Na walioua hawakuwa na ugomvi nao, hata majina yao hawakuyajua. Waliamini wanawalinda watoto wao.

Wala usidhani kosa hili ni la watu wasiosoma. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, pamoja na dereva teksi, waliuawa na polisi katika msitu wa Pande, Dar es Salaam. Tukaambiwa ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Kipenka Mussa ikachunguza, ikakuta hawakuwa majambazi. Kesi ikazunguka mahakamani hadi 2016, ndipo Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa. Hao ni watu waliofundishwa, wenye cheo, wenye redio ya upepo ya kuuliza makao makuu. Kama wao, walipojipa kazi ya kuhukumu porini, waliwamaliza wasiohusika, sisi wa sokoni tutapata wapi uhakika?

Nije sasa kwa bibi zetu, maana hapa ndipo mkoa wetu na majirani zetu tunapoguswa zaidi.

Ingia jikoni kwa bibi wa kijijini. Kibanda cha udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Mafiga matatu. Masika kuni ni mbichi, hivyo anachanganya na mabua ya mahindi. Kwa wafugaji, samadi iliyokauka. Anainama, anapuliza, moshi unamjaa usoni, anafuta macho kwa ncha ya khanga, anapuliza tena. Amefanya hivyo asubuhi na jioni tangu akiwa binti. Ikaongezeka na trakoma, ambayo vijijini kwetu haikuwa na dawa wala mtu wa kuipima. Sasa ana miaka sabini na macho mekundu. Macho yale ni stakabadhi ya kazi aliyoifanya ya kuwalisha watu wa mji ule. Halafu mjukuu aliyekuzwa na chungu kile kile anasimama mbele ya mganga na kuambiwa kwamba mchawi ni mwenye macho mekundu.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2014, kwa majirani zetu wa Kasulu, katika kijiji cha Murufiti, watu saba waliuawa na kuchomwa. Julai 2017, kwa majirani zetu wa Nzega, wanawake watano. Sitataja jina la yeyote kati yao, familia zao zipo. Ila jiulize kwa nini tuhuma hizi zinawapata zaidi wajane kuliko wanaume wenye ng'ombe mia tatu na wana wakubwa sita. Ukifukua chini ya tuhuma nyingi utakuta shamba, mirathi, au mtu aliyechoka kumtunza mzazi. Asiyehusika huchaguliwa, na anayechaguliwa ni yule ambaye hakuna atakayemlipia kisasi.

Hapa lazima niwaguse lambalamba. Mnawajua. Wanaitwa kijijini, kila kaya inatozwa mchango, wanaingia nyumba hadi nyumba, wanatoa pembe, tunguli, vitambaa, na mwenye nyumba anageuzwa mchawi mbele ya watoto wake, ananyolewa, anapigwa faini. Wengine hutudanganya kwamba hii ni mila ya kale ya mababu. Si kweli kwa namna wanavyoisema. Katika miaka ya 1930 vijana waliojiita mchape walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakasambaa hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, na kwingineko. Miaka ya 1960 Ufipa ilipata wimbi lake, kamchape, na mtaalamu Roy Willis aliyekuwa akiishi kule akaliandika. Kila wimbi lilikuja na dawa ya kusafisha nchi. Kila wimbi liliahidi kwamba likishapita, uchawi umekwisha. Kama lingekuwa limetimiza ahadi hata mara moja, tusingehitaji la leo.

Kuna jambo moja katika habari za mchape ambalo natamani kila mwenyekiti wa kijiji alijue. Mwanamke mtafiti, Audrey Richards, alikuwa kwa Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini wakati vijana wale wanapita. Akapata nafasi ya kuzikagua pembe 135 zilizokusanywa kwa watu waliodaiwa kuwa wachawi. Akaziangalia moja moja pamoja na wenyeji wanaojua dawa. Kati ya zote, ni 11 tu ambazo wenyeji wenyewe walikubali kuwa ni za kudhuru. Zile 124 zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida, hirizi za bahati, na vikorokoro vingine. Hata ukiamini uchawi upo kwa asilimia mia, hesabu hiyo inatosha kukutoa jasho. Na mtu asidhani nasema kwamba yule mwenye zile 11 ndiye auawe. Nasema tu kwamba wasafishaji wenyewe, kwa kipimo cha imani yao wenyewe, walikuwa wanawafedhehesha watu kwa pembe zaidi ya kumi zisizo na madhara kwa kila moja waliyoitafuta.

Sheria yetu iliiona hatari hii zamani. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1928. Watu wanadhani inamwadhibu mchawi peke yake, kumbe inamwadhibu pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Anayesimama mkutanoni na kunyoosha kidole ametenda jinai pale pale aliposimama.

Sasa nina wasikilizaji Katumba na Mishamo, na nisingependa wapitwe. Wazee wa huko hawahitaji kufundishwa maana ya kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1972, kusini mwa Burundi, waasi wa Kihutu waliwavamia na kuwaua Watutsi, watu wasio na silaha, akina mama na watoto. Ule ulikuwa uovu, na usemwe hivyo. Jibu la serikali ya Rais Micombero likawa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, karani, askari. Watu waliitwa kwa orodha, wakapakiwa malori, hawakurudi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kufika hadi 300,000. Mwalimu wa shule ya msingi kaskazini, ambaye hajawahi kufika kusini, alilipa kwa damu yake deni la mtu asiyemjua. Waliookoka walivuka mpaka na ziwa, wakaletwa Katumba, na baadaye Mishamo mwaka 1978, wakaukata msitu na kuanza kulima. Wengi wao, na watoto waliozaliwa hapa, ni kati ya zaidi ya watu 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania, na wakaanza kupokea vyeti vyao mwaka 2014.

Tuna methali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Naiheshimu methali hiyo kwenye tenga la samaki. Kwa binadamu imetuponza. Ndiyo inayofanya ujambazi ukitokea barabara ya Mishamo, kabla hata ya polisi kufika, watu wamekwisha kulitaja kabila. Ndiyo inayofanya mchungaji mmoja wa Kisukuma akilisha ng'ombe kwenye mpunga wa mtu, apigwe mchungaji mwingine aliyekutwa kisimani. Mwenye mpunga ana haki ya kulipwa. Aliyekutwa kisimani hana deni.

Najua jibu mnaloniandalia, na ni jibu la haki, nisilipite juu juu. Mnasema: ukimpeleka kituoni, kesho unakutana naye sokoni anakucheka. Polisi wanataka hela ya mafuta. Kesi inaahirishwa mpaka mlalamikaji anachoka. Kesi za mauaji za huku kwetu kwa miaka mingi zilitegemea Mahakama Kuu ya Sumbawanga, na shahidi wa Mwese au Ilunde angeweza kutakiwa aache shamba wakati wa palizi akasafiri umbali wote huo kusema alichoona. Yote hayo ni kweli, na anayeyakana hajawahi kuwa mlalamikaji. Mtu aliyeibiwa ng'ombe wote wa mahari ya wanawe hawezi kuambiwa tu awe na subira.

Lakini tuwe wakweli: kumchoma mtu kunatibu lipi kati ya hayo? Polisi mla rushwa yupo pale pale. Ng'ombe hawajarudi, na aliyejua walikopelekwa, kama kweli alijua, amekwisha kufa na siri yake. Mnunuzi wa mali za wizi anakunywa chai kwa raha, kwa sababu mnyororo wa kumfikia tumeukata sisi wenyewe. Mwenye faida kubwa kuliko wote katika kifo cha mwizi wa mkononi ni mkubwa wake. Na kama aliyekufa si mwizi, basi mwizi mwenyewe yupo katika ule umati, ana jiwe mkononi, anapiga kuliko wote.

Dhamana nayo inatuudhi, tunaiona kama mchezo. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kifungu hicho hakikuwekwa kwa kuwapenda wezi. Kiliwekwa kwa ajili yako wewe siku utakapokuwa unakimbilia basi. Hakuna njia ya kumlinda asiye na hatia peke yake na kumwacha mwenye hatia nje, kwa sababu siku ya kukamatwa wanafanana: wote wanatetemeka, wote wanakana, wote wana mama zao.

Wakristo na Waislamu sote tunamkumbuka Nabii Ibrahimu alipowatetea watu wa Lutu. Katika masimulizi ya Biblia anaanzia wenye haki hamsini, anashuka taratibu mpaka kumi, anauliza kama mji utaangamizwa nao wakiwemo ndani. Kinachonigusa ni kwamba anabishana na Mwenyezi Mungu, ambaye hakosei katika kumjua mwenye hatia, na bado anathubutu kuuliza. Sisi tunaokosea kila siku hatuulizi hata tukiwa na mtu mmoja mbele yetu.

Sheria ya nchi inamruhusu raia kumkamata mhalifu, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Mkamate. Mfunge mikono kama ana vurugu. Mwite mwenyekiti wa mtaa, piga 112, mwekeni chini ya mti mkamzungushie watu wazima wenye busara. Hayo yote ni halali. Ngumi ya kwanza si halali, na kuanzia hapo sheria ya nia ya pamoja inawakusanya wote: aliyeleta tairi, aliyeleta kiberiti, aliyewazuia waliotaka kuamua ugomvi. Katika kesi ya mauaji hakuna utetezi wa kusema mimi nilirusha kajiwe kadogo.

Na mwisho kuna hili. Kesho yake polisi wanakuja kuchunguza mauaji. Wale mia mbili ambao jana walikuwa na uhakika wa kuua, leo hakuna aliyekuwepo. Mmoja alikuwa shambani Kakese, mwingine anaumwa, mwingine alipita tu akasikia kelele. Jalada linafungwa kwa kukosa mashahidi. Mama wa marehemu anaishi mtaa ule ule, anasalimiana na watu anaowajua kwa majina, nao wanamwitikia. Tangu 2015 nchi ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na maelezo yanaweza kuandikishwa kwa ofisa wa upelelezi wa wilaya, faragha, bila kupanga foleni kaunta mbele ya watu. Wewe uliyekuwepo unajijua. Aliyeanzisha kipigo unamjua, na uliona kwamba kijana hakukutwa na kitu mfukoni. Ofisi zinafunguliwa Jumatatu asubuhi.